Discovery ya dizeli: Bei nafuu sokoni, gharama nzito gereji

MSIMU wa mavuno unapomalizika na hela za viazi au mahindi zikaingia benki, si ajabu kumpata mkulima wa Molo au Kinangop akizungukazunguka penye magari ya kuuzwa mjini Nakuru. Katikati ya pikapu na saluni za Kijapani, mara nyingi kuna Land Rover Discovery 3 nyeusi inayong'aa: viti saba vya ngozi, paa la vioo, injini ya dizeli. Akiuliza bei, hushangaa. Gari lililokuwa la mabwanyenye lilipokuwa jipya, sasa bei yake haipiti sana ya saluni ndogo iliyoshuka juzi bandarini Mombasa.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Gari limezeeka na bei yake ikashuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka nalo. Anayenunua turbo ya Discovery hulipia turbo ya gari la kifahari, hata kama gari lenyewe alilipata kwa bei ya kutupa.

Si kwamba gari hili ni bovu. Lina uwezo wa kuvuta trela ya kilo 3,500, gia za chini za kupanda mlima wakati wa matope, na ndani hubeba familia nzima pamoja na magunia machache. Kwa anayeishi mwisho wa barabara ya murram Narok au Nyandarua, ni vigumu kupata gari linalostarehesha kuliko hili. Tatizo ni kulitunza.

Discovery 3 ilizinduliwa mwaka wa 2004 na ikauzwa hadi 2009, Discovery 4 ilipochukua nafasi yake na kuendelea hadi 2016. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, Discovery 3 zilizo sokoni zimekuwa humu nchini kwa miaka mingi. Zimepita mikononi mwa mmiliki wa pili, wa tatu au hata wa nne, na kila mmoja alikuwa na fundi wake.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni wa krankshafti. Injini ya lita 2.7 yenye silinda sita, iitwayo TDV6, ilibuniwa na Ford kwa ushirikiano na kampuni ya PSA ya Ufaransa, iliyokuwa ikiunda Peugeot na Citroën, na ilitengenezwa Dagenham, Uingereza. Injini za jamii hiyo ziliwekwa pia katika magari ya Jaguar na Peugeot, ambayo ni mepesi kuliko Discovery yenye uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu.

Katika baadhi ya injini hizo, beringi za krankshafti huzunguka mahali pake, njia ya oili huziba, chuma husagana na chuma, na krankshafti hukatika. Mara nyingi hakuna dalili. Gari linaweza kuwa likienda vizuri kwenye barabara kuu, kisha likatoa mlio mmoja na kuzima. Injini ya lita 3.0 iliyowekwa katika Discovery 4 haijaepuka ugonjwa huu, ingawa ina nguvu zaidi.

Krankshafti ikikatika, hakuna cha kushona. Nchini Uingereza, injini iliyoundwa upya pamoja na kazi ya kuifunga hupita pauni 5,000 kwa urahisi. Ukikadiria pauni moja kwa Sh170, hizo ni Sh850,000 kabla ya nauli ya meli na ushuru. Wengi hukimbilia injini kuukuu kutoka kwa gari lililogongwa, nayo hiyo ni bahati nasibu, kwa sababu ina beringi za aina ile ile na hakuna ajuaye ilivyotunzwa.

Kinga iliyopo ni oili. Ratiba ya Uingereza iliruhusu oili ya injini ya 2.7 kukaa hadi maili 15,000, yaani takriban kilomita 24,000. Kwa vumbi na milima ya huku, huo ni muda mrefu kupita kiasi. Wanaoyajua magari haya hubadilisha oili kila kilomita 8,000 au 10,000, tena ile ya kipimo kilichotajwa kwenye kijitabu cha gari, wala si ile inayochotwa kwenye pipa.

Baada ya krankshafti huja belti. Injini ya 2.7 ina belti mbili: ya mbele ni ya taiming, na ya nyuma huzungusha pampu ya dizeli ya shinikizo la juu. Zinapaswa kubadilishwa kufikia kilomita 168,000 au miaka saba, lolote litakalotangulia. Wauzaji hutaja kilomita na kunyamazia miaka. Gari la mwaka wa 2007 lenye kilomita 130,000 halijafikisha umbali, lakini miaka yake ilipita zamani. Belti ya nyuma ikikatika gari husimama tu. Ya mbele ikikatika, vali hugonga pistoni na safari ya injini ikaishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalijui. Kifaa kinachokaza belti ya mbele hushikiliwa na kifuniko cha pampu ya oili, na katika injini za miaka ya mwanzo kifuniko hicho kilikuwa dhaifu na kinaweza kupasuka. Baadaye kiliimarishwa. Ndiyo maana belti inapobadilishwa, inafaa pampu ya oili ya zamani ibadilishwe pia. Anayekataa kuongeza gharama ya pampu huenda akarudi kununua injini.

Turbo nayo imejificha nyuma ya injini. Gereji nyingi huona afadhali kuinua bodi yote kutoka kwenye chesisi ili kuifikia. Hebu fikiria bili ya kazi hiyo, turbo yenyewe ikiwa bado haijanunuliwa. Vali za EGR, zinazorudisha moshi ndani ya injini, huziba kwa masizi. Gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Mafuta machafu huongeza masaibu. Tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililosaidia injini za aina hii. Lakini kuchanganya dizeli na mafuta taa kulienea Kenya kiasi kwamba mnamo Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili biashara hiyo isilipe. Trekta la zamani linaweza kuvumilia mchanganyiko huo. Pampu na nozeli za Discovery haziwezi, kwa kuwa dizeli ndiyo inayozilainisha, na nozeli ziko sita.

Kwa mkulima, maudhi ya kila siku huenda yakatoka chini ya gari. Badala ya springi, Discovery nyingi husimama juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa. Mfuko ukianza kuvuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi inaungua, na asubuhi gari hukutwa limelala kama ngamia. Kuna wanaochoka na kuweka springi za kawaida. Ni nafuu, ila gari hupoteza uwezo wa kujiinua kwenye matope.

Breki ya kuegesha ni ya umeme. Vumbi na matope huingia ndani ya ngoma zake za nyuma, na ikianza kutoa mlio mkali wa kukwaruza, inaomba kusafishwa na kurekebishwa. Anayepuuza hununua mota nzima. Bushi za mikono ya chini ya mbele huisha haraka kwa sababu ya uzito wa gari, kisha tairi huliwa upande mmoja. Nayo giaboksi ilisifiwa kuwa oili yake ni ya maisha, ilhali ZF, kampuni iliyoiunda, hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Si kila taa kwenye dashibodi ni msiba. Swichi ndogo ya taa za breki ikichakaa, gari huweza kuwasha maonyo mengi kwa pamoja, hata dereva akadhani mifumo yote imekufa. Swichi hiyo ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa muda mfupi. Betri dhaifu pia huleta maonyo ya uongo. Fundi asiye na kompyuta inayosoma Land Rover kikamilifu atabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na kila anapokosea, mwenye gari ndiye hulipa.

Tuseme mfanyabiashara ana Sh1.5 milioni. Akilinunua gari kwa Sh1.4 milioni, hana gari; ana madeni yanayosubiri. Akilipata kwa Sh1 milioni na kuweka Sh500,000 kando kwa belti, pampu ya oili, oili ya giaboksi, bushi na kompresa, ana nafasi ya kulitumia. Bima haitamsaidia injini ikifa, kwani hulipia ajali wala si uchakavu. Na ikiwa gari ndilo litakalopeleka maziwa kila alfajiri, wiki tatu za kungoja spea kutoka Uingereza ni wiki tatu za kukodi pikapu ya jirani.

Anayeamua kununua asikubali gari lililokwisha kupashwa moto kabla hajafika. Afike mapema, aguse boneti ihisi baridi, aliwashe mwenyewe na kusikiliza. Aliinue na kulishusha kwa kitufe cha mifuko ya hewa, aliache limezimwa kwa saa kadhaa, kisha aone kama kona moja imezama. Aulize risiti ya belti, si maneno. Muuzaji asipokuwa na risiti hiyo, bei ipunguzwe kwa gharama nzima ya kazi hiyo, na gari lipelekwe gereji kubadilishiwa belti kabla ya kupanda nalo mlima wowote.