Mavuno Yakiingia, Ifakara Inatokelezea

Oya, kama unataka kuwapiga picha masela wa Ifakara wakiwa wametupia, usije mwezi wa tatu. Masika yamekolea, bonde limejaa maji, watu wapo shambani na mfukoni kweupe. Njoo mpunga ukishavunwa, mwezi wa sita hivi. Hapo mkwanja umeingia, mitumba inapekuliwa hadi chini ya belo, vinyozi hawakai chini, na dogo aliyekuwa anafukuza ndege shambani unamkuta kapiga modo, raba nyeupe na mzula kichwani, jua kali vilevile.

Nakazania msimu kwa sababu wapiga picha wengi wanashuka na macho ya Dar. Wanamtafuta msela wa Manzese, wakimkosa wanasema huku hamna pamba. Zipo kinoma! Cheki kijiwe cha boda: kikoti cha reflekta, stika kila kona, maneno nyuma ya pikipiki. Siku ya mnada wacheki vijana wa Kisukuma, mashati ya rangi zinazowaka, miwani ya jua, baiskeli imepambwa hadi inapendeza. Mmasai naye na shuka lake, yeboyebo mguuni, simu janja mkononi. Kati ya wafugaji na wakulima bondeni kuna mvutano mzito wa ardhi, kwa hiyo usimgeuze mtu pambo. Kaa naye, piga stori, muulize kwanza.

Lokesheni? Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya Mto Kilombero. Zamani hapo watu walivuka kwa pantoni. Nenda saa kumi na moja jioni, mwanga umelala, ngozi nyeusi inang'aa bila flashi. Ukibanwa na mchana, msogeze mtu chini ya mwembe na upime mwanga wa uso wake, achana na shati jeupe. Uso ukizama gizani, umemkosea.

Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, miaka ya 1960, alikuwa akitoka kwenye disko za vijana anasafisha picha usiku uleule, kisha anazibandika nje ya studio yake waje kujiona na kuchagua. Mimi huyo ndiye namkubali. Kwa hiyo kabla hujapanda basi la Moro, zisafishe picha pale pale mjini uwapelekee wana kijiweni, za karatasi, wakabandike geto. Na mwenye sura akisema hii futa, ifute mbele yake.