Buku inasema R.A.S., lakini kazi haitembei: shefu wa mradi anabakia na kazi gani?

Kila mutu mwenye alisha kutumika posti ya usiku anajua buku ya shefu wa posti. Asubuhi, wakati ekipe moja inapanda na ingine inashuka, shefu anaandika: pompe zimetumika, miti imesimamishwa, mita fulani zimechimbwa. Kama hana neno, anaandika herufi tatu tu: R.A.S. Hakuna la kutangaza. Lakini wenye wanashuka wanajua kama kuna siku ile R.A.S. iko kweli, na kuna siku iko woga tu. Maji inapanda kule chini, lakini shefu hataki kelele na bakubwa ya biro.

Leo tunasema juu ya kazi yenye kuwa mbali na shimo: kutengeneza programu za ordinatere. Sababu gani tuiseme hapa? Juu batoto wetu mingi wanasoma informatike Lubumbashi, Kolwezi na Likasi, na wazazi wanajikaza kulipa minerval. Mutoto anarudi nyumbani anasema: «Baba, miye nataka kuwa shefu wa mradi.» Baba anauliza: «Ule shefu anatumikaka nini?» Jibu la lile ulizo limegeuka sana toka miaka makumi mbili na zaidi. Na lilifanya ligeuke ni ugonjwa wenye tunaujua siye wenyewe: karatasi kusema muzuri wakati kazi haitembei.

Zamani programu kubwa ilitengenezwa kama daraja. Kwanza wanaandika yote yenye kuombwa, mara nyingi kurasa mia na mia. Kisha wanachora, kisha wanajenga, kisha wanajaribu. Shefu wa mradi njo alikuwa na planingi mukononi. Aligawa kazi, alihesabu siku, alituma rapori kwa bakubwa. Kwa daraja, ile inafaa. Lakini programu haiko daraja. Mwenye kuitumikia anajua sawasawa kile anataka pale tu anapokiona na kukigusa. Kama anakiona mara ya kwanza kisha miaka mitatu, feza imekwisha kuliwa, na kugeuza ni shida.

Februari 2001, wanaume 17 wenye kutengeneza programu walikutana katika milima ya Utah, Marekani, fasi moja inaitwa Snowbird. Waliandika tangazo fupi sana. Walisema wanapendelea watu na masikilizano kuliko vyombo na kanuni, programu yenye kutumika kuliko karatasi nyingi, kutumika pamoja na mwenye kuagiza kuliko kubishana juu ya mkataba, na kugeuka wakati mambo inageuka kuliko kushikilia planingi. Wakaita njia yao Agile. Kwa Kiswahili tuseme: njia ya wepesi.

Katika ile familia, njia yenye kujulikana zaidi inaitwa Scrum. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliitoa mbele ya watu mwaka 1995. Jina lake linatoka kwa mchezo wa rugby. Kazi inakatwa vipande vidogo. Kipande kimoja hakipite mwezi moja, na ekipe nyingi wanachukua siku 14. Kila siku ekipe inasimama dakika 15 na kuambiana: tumefika wapi, na nini inatuziba njia. Wenye kutumika mu mine mutasema: iko sawa na mazungumuzo ya usalama mbele ya kushuka. Ndiyo, inafanana. Mwisho wa kipande, wanaonyesha kitu chenye kutumika kweli. Haiko rapori.

Sasa njo mahali watu walishituka. Katika kanuni ya Scrum kuna viti vitatu. Cha kwanza ni cha mwenye kuchagua: yeye anasema nini itangulie na nini ingoje. Cha pili ni cha mwenye kusaidia ekipe kufuata kanuni na kuondoa vizuizi. Cha tatu ni cha wenye kutengeneza, na wao wenyewe wanagawana kazi. Kiti cha shefu wa mradi hakiko. Wengi wakasema: basi, ule shefu amefutwa kazi.

Tuangalie mfano moja wenye kujulikana, wa FBI, polisi kubwa ya upelelezi ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, dosie zake zilikuwa bado za karatasi mingi. Wakaanza kutengeneza programu ya kuzishika. Mwaka 2005 wakaiacha: dola karibu milioni 170 zilikwisha kutumika, na hakuna polisi aliyeweza kufanya nayo kazi yake. Mwaka 2006 wakaanza ingine, jina Sentinel, wakaipatia kampuni kubwa ya inje. Walitazamia dola milioni 425, na kumaliza mwisho wa 2009. Bajeti ikapanda mpaka milioni 451. Mwaka 2010, zaidi ya milioni 400 zilikuwa zimekwenda, na sehemu mbili tu kati ya nne ndizo zilikuwa zimetolewa.

Kumbuka kama pale kote mashefu wa mradi hawakukosekana. Planingi ilikuwa, rapori ilikuwa, mikutano ilikuwa. Buku ilijaa.

Chad Fulgham, aliyeongoza informatike ya FBI, akasimamisha ile namna. Kazi ikarudishwa ndani ya nyumba, na Jeff Johnson akawa kati ya wenye kuiongoza. Watu wakapunguzwa sana, ekipe ikawa ndogo. Wakafuata Scrum, vipande vya majuma mawili. Kila majuma mawili wanaonyesha kile kimetumika. Kama hakitumike, kila mutu anaona kwa macho yake, na hakuna wa kuandika R.A.S. Tarehe 1 Julai 2012 Sentinel ikafunguliwa kwa watu wa FBI, bila kupita ile bajeti ya milioni 451.

Lakini tusipambe hadithi. Walikuwa wamesema watamaliza kwa mwaka moja; ikachukua karibu miwili. Oktoba 2011 walifanya jaribio na mamia ya watumishi kwa mara moja, na programu ikaanguka mara mbili. Shida kubwa ilikuwa mashini za chini, zilizeeka, hazikuweza kubeba uzito. Na hapa njo tunaona shefu bado ana kazi. Wenye kuandika programu, hata wawe na akili namna gani, hawawezi kwenda kununua mashini mpya. Hawawezi kuambia wakubwa: tarehe tuliyowaambia itasogea, sababu ni hii. Lazima mutu asimame kwa mulango wa biro na aseme ile neno.

Kwa hiyo kazi ya shefu wa mradi haikukufa, iligawanyika. Kugawa kazi kila asubuhi, hapana tena: ekipe inajigawia. Kuchagua nini itangulie, hapana: kuna mwenye kile kiti. Yeye anabakia na feza na mikataba, na kuunganisha ekipe mingi ili moja isizibe njia ya ingine. Anaondoa vizuizi vyenye kuwa inje ya ekipe. Na juu ya yote, anapandisha habari ya kweli kwa wakubwa, hata kama ni chungu. Ni kama shefu wa posti muzuri: hakunyanganye piki mukononi mwa mwenye kuchimba, anahakikisha miti ya kusimamisha imefika mbele ya kuombwa.

Ile wepesi haiko dawa ya kila ugonjwa. Kuna fasi walibadilisha majina tu. Zile dakika 15 zimekuwa kuita majina, shefu anasimama anauliza kila mutu: «Weye jana ulifanya nini?» Watu wanaogopa, wanajibu: «Yote iko muzuri.» Pale R.A.S. imerudi na nguo mpya. Wazee wanasema: ukificha ugonjwa, kilio kitakufunua.

Kwa wazazi, tuseme hivi. Mutoto akitaka ile kazi, asifikiri ni kukaa kwa biro na kuamuru. Ajifunze kwanza kazi yenyewe kwa mikono, ili wenye kutumika wasimudanganye. Ajifunze kusikiliza, na kusema kwa mukubwa neno lenye hataki kusikia. Kifaransa na Kiingereza vitamusaidia, lakini ule moyo haupatikani kwa diplome.

Na kwa wenye kuwa mu mine: siku moja watawaletea programu ya kuhesabu saa zenu ao uzito wa mizigo. Musingoje ile siku ya kufungua na hotuba. Mapema, waombe: «Mutuonyeshe kipande kimoja, tukiguse, wakati bado munaweza kukigeuza.» Muulize tena nani atasikiliza kama hesabu haiko sawa, na kisha siku ngapi atajibu. Saa zenye kupotea mule ndani ya programu zinatoka kwa mushahara wenu, na mutaziona kukosa mwisho wa mwezi, hata kama rapori ya mradi inasema yote ilikwenda vizuri.