Betri ya gari la umeme ikichoka, nani anaitengeneza?

Gari linatoka bandarini Mombasa liking'aa, vipau vyote 12 vya betri vimewaka kwenye dashibodi. Linabebwa juu ya lori hadi Kampala, maana kwa chaji moja lisingefika hata Voi. Mnunuzi analipa, anafurahi. Wiki chache baadaye anapiga simu: vipau vimebaki 9, na jana gari lilimzimikia mlimani baada ya alama ya kobe kuwaka. Gereji tatu zimempa jibu moja, badilisha betri yote.

Mizozo ya magari ya umeme yaliyotumika huwa na sura hiyo, na anayebanwa katikati ni mfanyabiashara.

Gari linalozungumziwa mara nyingi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010. Matoleo ya kwanza yana betri ya kilowati-saa 24, isiyo na maji wala feni ya kuipoza. Kasoro hiyo ilijulikana mapema. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la joto kali, walilalamika kuwa betri zao zinapungua nguvu haraka, na kampuni ikatangaza dhamana: vipau vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5, betri itatengenezwa au kubadilishwa.

Gari linalovuka mipaka yetu limeshapita umri huo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda inafika hadi 15, kwa hiyo magari makongwe hupita tu Mombasa kuelekea bara. Umri peke yake hautoshi kueleza afya ya betri. Wala karatasi ya mauzo haisaidii: Leaf ya 2014 ikiwa mpya ilipimwa Japani ikapewa kilomita 228 kwa chaji moja, lakini vipimo vya Marekani viliipa 135.

Ujanja wa vipau nao unajulikana. Kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu, vipau vyote 12 hurudi, na gari huhitaji kuendeshwa na kuchajiwa kwa muda kabla halijasema ukweli. Aliyenunua kwa kutazama dashibodi amenunua picha.

Betri hiyo ina moduli 48, kila moja na seli 4, zilizounganishwa kwa jozi 96 zinazofuatana. Jozi moja ikichoka, zote hufuata mwendo wake, kama msafara unaomngoja mgonjwa. Ndiyo maana jibu la "badilisha yote" linaudhi: mara nyingi tatizo ni moduli moja au mbili, na fundi anayejua kazi anaweza kuweka nyingine kutoka gari lililogongwa. Lakini si kazi ya kubahatisha. Betri nzima ina takriban volti 360, zinazotosha kuua. Kuna plagi ya usalama kwenye sakafu ya nyuma, chini ya zulia, ambayo lazima ing'olewe kwanza, kisha fundi angoje angalau dakika 10. Asiyeijua plagi hiyo asipewe gari.

Wapo pia waliotozwa fedha nyingi bure. Gari la umeme lina betri ndogo ya volti 12 kama gari lolote. Hiyo ikilegea, gari haliwaki na dashibodi hujaa taa za onyo. Ipimwe kabla ya kitu kingine.

Kuagiza betri nyingine kuna masharti yake. Inakaribia kilo 300, na betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari. Tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo katika ndege za abiria. Hubaki meli, na meli ina maana ya miezi, huku mteja akipiga simu kila asubuhi.

Kinga rahisi ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu iitwayo Leaf Spy. Huonyesha volti za jozi zote 96, na hapo kufuta kumbukumbu hakufichi seli mbovu. Isomwe wakati chaji ni ndogo na gari linapanda mlima, kwa sababu likiwa limejaa na limesimama hata jozi mbovu huonekana nzima. Picha ya usomaji huo, pamoja na kilomita na tarehe, iambatanishwe kwenye mkataba, na pande zote mbili zitie saini kabla gari halijapakiwa kwenye lori.