Fahamu: Waliopinga misimamo rasmi kuhusu korona hawakuwa kundi moja

Mei 2020, Rais John Magufuli wa Tanzania alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilionyesha korona. Alikuwa akitilia shaka vipimo. Africa CDC, taasisi ya afya ya Umoja wa Afrika iliyosaidia kuvisambaza, ikajibu kuwa viko sawa.

Oktoba, wataalamu watatu kutoka Harvard, Oxford na Stanford walitoa Azimio la Great Barrington. Wao hawakukana ugonjwa hata kidogo. Walitaka wazee na wengine walio hatarini walindwe, wengine waendelee na shughuli zao. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros, aliikosoa vikali fikra ya kuacha virusi visambae, lakini huo ulikuwa ubishi wa sera.

Kuna pia wanasayansi 239 walioitaka WHO, Julai 2020, ikiri kwamba virusi husambaa hewani. Machi WHO ilikuwa imekanusha. Baadaye ilikubali!

Kuwaita wote hawa wapotoshaji ni uvivu. Kabla hujambandika mtu jina, uliza anapinga nini hasa: ugonjwa, kipimo, chanjo au amri ya serikali? Kisha dai ushahidi wake.