Mawese yetu: bei nzuri inaanza siku ya kukata ngazi



Ukitoka Uvira na kushuka njia ya Makobola, Mboko hadi Baraka, miti ya ngazi iko nawe njia yote, katikati ya milima na ziwa. Mawese ni chakula, ni sabuni, ni minerval ya watoto. Lakini kila msimu tunasikia malalamiko yale yale: mnunuzi anafika, anafungua bidoni, anaonja, anasema «haya yanakwaruza koo», kisha anapunguza bei. Mwenye mafuta hana la kujibu, maana hata yeye anajua yanakwaruza.

Tuangalie kwa nini yanakwaruza, na koperative inaweza kufanya nini.

Fundisho kutoka Maroko

Kusini-magharibi mwa nchi ya Maroko kuna mti unaoitwa argani. Tangu zamani wamama wa huko wanapasua kokwa zake kwa jiwe na kukamua mafuta ya kula na ya kupaka. Mwaka 1996 mwanakemia Zoubida Charrouf alisaidia wamama wa Tamanar kuanzisha koperative inayoitwa Amal, na nyingine nyingi zikafuata. Mwaka 2009 jina la argani lilipata ulinzi wa sheria. Leo mafuta yake ni kati ya mafuta ya kula ya bei kubwa kabisa duniani.

Mti ni ule ule wa mababu. Kilichobadilika ni usafi wa kazi, kipimo kimoja kwa wote, na jina ambalo mnunuzi analiamini. Tuseme ukweli pia: faida haifiki yote kwa wamama wale. Wafanyabiashara wakubwa wananunua matunda, wanakamua kwa mashini zao na kubaki na sehemu nono. Kwa hiyo fundisho ni hili: anayesimamia ubora ndiye anayeshika bei.

Kwa nini mawese yanakwaruza

Ndani ya tunda la ngazi kuna kitu kinachofanya kazi kama chachu. Wataalamu wanakiita lipazi. Tunda likiwa zima mtini, kimetulia. Likianguka, likipondeka au likioza kwenye lundo, kinaanza kuvunja mafuta na kuzaa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayokwaruza. Kipimo cha kimataifa cha Codex kwa mawese ya kula kinalingana na asidi isiyozidi asilimia 5 hivi. Ngazi zilizolala siku nyingi kwenye lundo zinapita kipimo hicho kwa urahisi.

Moto unaua lipazi. Ndiyo maana kila siku inayopita kati ya panga na pipa la kuchemshia ni hasara.

Sasa, kwa nini watu wanalundika ngazi siku tano au hata wiki? Si uvivu. Mkungu mbichi ni mgumu na una miiba, na wanaochambua ni wamama, kwa mikono mitupu. Ukiacha mkungu uive kwenye lundo, matunda yanadondoka yenyewe. Tukisema tu «pikeni mapema», tunawaongezea wamama vidonda vya vidole, na pesa inakwenda kwa mwingine.

Njia ya katikati ipo. Siku ile ile ya kukata, pasueni mkungu vipande kwa shoka, mfunike kivulini usiku mmoja au mbili. Matunda yatalegea bila kuoza. Na kazi ya kuchambua ihesabiwe kwenye bei ya bidoni kama kazi nyingine yoyote.

Kupika sawasawa

Kateni mkungu pale matunda machache yameanza kuanguka yenyewe. Msiutupe kutoka juu ya mzigo, maana tunda lililopondeka limeanza kuharibika. Chemsheni hadi nyama ya tunda ilainike kabisa, twangeni na kukamua yangali moto. Kisha chemsheni mafuta pamoja na maji, yaacheni yatulie, na mwenguze yanayoelea juu.

Hatua ya mwisho wengi wanairuka: kukausha mafuta. Yarudisheni kwenye moto mdogo hadi yaache kutoa povu na mlio. Maji yakibaki ndani, asidi inaendelea kupanda hata bidoni ikiwa imefungwa. Bidoni iwe safi na kavu, ijazwe hadi juu, ikae mbali na jua. Maji machafu ya kukamulia yachimbiwe shimo, yasimwagwe mtoni, kwa sababu mto unaingia ziwani, na ziwani ndimo tunamovua ndagala.

Mafuta yaliyokauka vizuri yanaweza kungoja. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Mwenye mafuta mabaya analazimika kuuza wakati wa ngazi nyingi, bei ikiwa chini. Mwenye mafuta mazuri anaweza kuweka bidoni kadhaa hadi mwezi wa 9, watoto wanaporudi shuleni.

Yale yaliyokwisha kuharibika msiyachanganye na mazuri. Yapelekeni kwenye sabuni, huko asidi haina shida. Na kokwa msizitupe: kiini chake kinatoa mafuta mengine, ya kupaka na ya sabuni.

Mawese mwilini na jikoni

Wekundu wa mawese si rangi tu. Ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese mabichi ina karibu miligramu 500 hadi 700 za karotini, na uzito kwa uzito yanaizidi karoti kwa mbali. Vitamini A inalinda macho, hasa dhidi ya upofu wa usiku, na inasaidia mtoto kupambana na magonjwa. Kijiko kidogo ndani ya uji au maharage ya mtoto ni msaada mkubwa. Lakini kisiwe sababu ya kukosa siku ya vidonge vya vitamini A kwenye kituo cha afya.

Wengine wanachoma mawese hadi yawe meupe ndipo wakaange. Hapo karotini yote imekufa. Kwa sombe, lengalenga, maharage au ndagala, tieni mawese chakula kikikaribia kuiva, moto ukiwa mdogo.

Kiasi ni muhimu. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, yale yanayoganda kukiwa baridi. Mwenye ugonjwa wa moyo afuate maneno ya muganga wake.

Angalizo kuhusu mbegu

Aina ya tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, inatoa mafuta karibu asilimia 30 zaidi kuliko dura ya zamani. Siri yake iligunduliwa hapa hapa nchini kwetu, katika kituo cha Yangambi, na Beirnaert na Vanderweyen waliitangaza mwaka 1941: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Kwa hiyo usiokote kokwa chini ya tenera na kupanda. Katika kila miche minne, mmoja hivi utakuwa pisifera, ambao kwa kawaida hauzai mikungu ya maana, na mwingine utarudi kuwa dura. Utalijua hilo baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia bure. Nunueni miche yenye asili inayojulikana.

Kwa mkutano ujao

Tunapendekeza kila koperative ijadili mambo manne:

• Zamu ya presi kwa kila mtaa, ili watu wakate ngazi kufuata siku yao ya kupika, isiwe kinyume.
• Bei mbili: mafuta ya kula na mafuta ya sabuni. Mwenye kazi safi aone tofauti mkononi.
• Malipo ya wamama wanaochambua, yaandikwe kwenye daftari.
• Alama kwenye kila bidoni: jina la mwenye mafuta na tarehe ya kupika.

Alama ndiyo rahisi kuliko zote, na yafaa kuanza nayo. Mnunuzi akilalamika, mtajua bidoni ni ya nani na ilipikwa lini. Na asipolalamika, mtajua pia.