BIBI YANGU ALIKUWA AKIIMBA

Mwaka jana mwalimu wetu wa Kihispania alituagiza kuandika insha juu ya mtu tuliyempenda. Nikaandika juu ya marehemu bibi yangu aliyenilea: Mi abuela cantó. Mwalimu akaniuliza, "Je, bibi yako aliimba siku moja tu, kisha akanyamaza?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana bibi aliimba kila jioni akisaga mtama, nami kwa herufi chache nilikuwa nimemnyamazisha.

Basi wenzangu, nawaelezeni jambo hili ili lisiwapate na ninyi.

Kihispania kina nyakati mbili kubwa za mambo yaliyopita. Wakati wa kwanza wasema jambo lilitendeka likaisha: cantó, aliimba. Wa pili wasema jambo lilikuwa likiendelea, au lilikuwa desturi: cantaba, alikuwa akiimba. Huu wa pili ni rahisi kuuunda. Vitenzi vyote huishia kwa -ar, -er au -ir. Ondoa mwisho huo, utie mwisho mpya. Tutazame cantar, kuimba:

yo cantaba, nilikuwa nikiimba
tú cantabas, ulikuwa ukiimba
él au ella cantaba, alikuwa akiimba
nosotros cantábamos, tulikuwa tukiimba
vosotros cantabais, mlikuwa mkiimba
ellos cantaban, walikuwa wakiimba

Vitenzi vya -er na -ir hufuata njia moja. Comer, kula, huwa: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vivir, kuishi, huwa vivía, vivías, na kadhalika. Angalieni ile alama juu ya í. Haikosekani hata mara moja. Katika cantar alama huonekana kwenye cantábamos peke yake. Vitenzi vinavyokataa kanuni hizi ni vitatu tu: ser, ir na ver.

Sisi humtaja mtenda mwanzoni mwa neno: ni-, u-, a-. Wahispania humtaja mwishoni. Lakini "mimi" na "yeye" hufanana, wote ni cantaba. Kwa hiyo maana isipokuwa wazi, sharti useme yo au ella.

Wakati huu hutumika pia kwa kutaja umri wa zamani, na mara nyingi nyakati zote mbili hukaa katika sentensi moja. Katika insha yangu ya pili niliandika: Mi abuela murió cuando yo tenía 12 años, yaani, bibi yangu alifariki nilipokuwa na umri wa miaka 12. Murió ni tendo lililokwisha. Tenía ni hali iliyokuwapo.

Kisha nikaongeza: Mi abuela cantaba todas las tardes. Kufa, bibi alikufa siku moja. Kuimba, alikuwa akiimba kila jioni. Safari hii mwalimu hakuuliza neno.