Embrunman: Kutoka Ziwa Serre-Ponçon hadi Kilele cha Izoard

Embrunman ni shindano la triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio katika siku moja, saa ikihesabu tangu mshindani anapoingia majini hadi anapomaliza kukimbia. Hufanyika Embrun, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Lilianza mwaka 1984, na siku yake ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Washindani huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli zaidi ya kilomita 180, kisha hukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.195. Masafa hayo yanakaribiana na ya triathloni nyingine ndefu. Kinacholipa shindano hili ukali wake ni milima ya Alpi.

Shindano huanzia kando ya ziwa Serre-Ponçon, ambalo si la asili. Ni bwawa la mto Durance, lililoanza kujengwa katika miaka ya 1950 ili kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba. Maji yalipojaa yalikimeza kijiji cha Savines, na wakazi wakajengewa kingine mahali pa juu zaidi, Savines-le-Lac. Kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli, kilichokuwa juu ya kilima, sasa kimezungukwa na maji pande zote. Uzuri wa mandhari hayo ulilipiwa na watu waliohama makwao.

Kuogelea hufanyika katika sehemu ya maji iliyotengwa na ziwa kwa tuta, ambako kina hakipungui hata bwawa linapokauka kiasi. Wengi huanza saa kumi na mbili alfajiri, kukiwa bado na giza, wakiwa wamevaa suti za mpira za kuwakinga na baridi. Maboya hayaonekani vizuri, mikono na miguu hugongana, na asiyezoea kuogelea katika umati huishiwa pumzi upesi.

Jua likishachomoza, baiskeli huanza kutoka. Mzunguko wa kwanza hupanda na kushuka kwenye vilima vinavyolitazama ziwa. Kisha njia huelekea Guillestre, hupenya kwenye makorongo ya mto Guil na kuanza kuukwea Izoard, mlima maarufu kwa mashindano ya baiskeli ya Tour de France. Kilele cha njia hiyo kiko mita 2,360 juu ya usawa wa bahari. Karibu na kilele miti hutoweka. Hubaki Casse Déserte, mteremko wa changarawe wenye minara ya mawe, ambako waendesha baiskeli Fausto Coppi na Louison Bobet wamewekewa kumbukumbu. Ni marufuku kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, kwa hiyo kila mtu hupanda kwa nguvu zake mwenyewe.

Hata hivyo, si Izoard unaowaangusha wengi. Mlima huo unaogopwa, na anayeogopa hujipanga. Hatari huja baadaye. Kwanza ni mteremko mrefu wa kwenda Briançon, ambapo jasho hugeuka baridi kali kifuani kwa asiye na koti. Kisha, mwili ukiwa umechoka na jua likiwa utosini, huja mpando mkali wa Pallon, na mwishoni kabisa Chalvet, juu ya mji wenyewe wa Embrun. Misuli ina akiba ndogo ya sukari, na tumbo haliwezi kuirudisha kwa haraka kama inavyotumika. Ndiyo maana mshindani mwenye busara hula na kunywa tangu kilomita za mwanzo, kabla ya kuhisi njaa, na hupanda Izoard kwa gia nyepesi huku akiwaacha wenye pupa wampite.

Anayeshuka kwenye baiskeli huikuta miguu mizito kama iliyofungiwa mawe, kwa kuwa misuli iliyozoea kuzungusha pedali sasa hutakiwa kubeba uzito wote wa mwili. Mbio nazo si tambarare: hupita kando ya maji, hupanda hadi mji wa kale uliojengwa juu ya mwamba, hushuka, kisha hupanda tena. Kwenye njia tambarare, wanaume hodari wa dunia humaliza masafa ya namna hii chini ya saa nane. Huko Embrun, hata mshindi hutumia zaidi ya saa tisa, na nyuma yake wapo wanaofika usiku, kama walivyoanza, gizani.